Seli zilizokataa kukomaa

Mama mdogo aliitoa ile karatasi kwenye pindo la kanga, akaikunjua juu ya meza, akaisogeza upande wangu. Tulikuwa tumeshakula. Watoto walikuwa sebuleni na katuni zao, sauti ya runinga iko juu, na nadhani ndicho alichokuwa anakisubiri.

"Nisomee hapa, mwanangu," akasema, kidole kikiwa mstari wa tatu kutoka chini. "Nesi kanipa tu, kaniambia nirudi Jumatatu nimwone daktari. Nimekaa nayo tangu asubuhi."

Ilikuwa karatasi ya maabara, ya Kiingereza, yenye mhuri na sahihi isiyosomeka. Mstari aliokuwa ananionyesha ulisema kinyama kilichochukuliwa kwenye mlango wa kizazi kina displasia kali, daraja la tatu, na kwamba hapakuonekana dalili ya uvamizi.

"Ni kansa?"

"Hapana, mama."

"Sasa ni nini?"

Nikamwambia seli zimebadilika.

"Zimebadilika zikawa nini?"

Swali hilo halikuniacha kwa wiki kadhaa. Nimewasumbua watu wa maabara ninaowafahamu, nimesoma hadi usiku wa manane, nimezungumza na baba mdogo mambo ambayo mtoto hazungumzi na baba yake mdogo, na kuna usiku usingizi ulinikataa kwa sababu ya yaliyowapata wanawake wa New Zealand kabla sijazaliwa. Nayaandika haya kwa kuwa najua karatasi ya namna ile imo kwenye mikoba mingi, imekunjwa mara nne, na mwenyewe hajamwonyesha mtu.

## Hazijaoza

Tukisikia seli zimeharibika, wengi wetu tunafikiria kuoza. Mama mdogo alifikiria hivyo hivyo. Wiki ile alikuwa anaoga asubuhi, mchana na jioni. Kwenye kwaya alihama kiti, akawa anakaa mwisho wa benchi peke yake, na mwenzake alipomfuata akasema ana mafua.

Seli za displasia hazijaoza. Hazijafa pia.

Ziko hai kupita kiasi.

Mlango wa kizazi, upande wa nje, umefunikwa na seli zilizopangana tabaka juu ya tabaka. Kazi ya kugawanyika inafanywa na tabaka la chini kabisa, lile lililokalia utando mwembamba unaolitenganisha na nyama. Seli ikishazaliwa pale inaanza kupanda. Inavyopanda inatanuka, inakuwa bapa, inajaa glaikojeni, ile akiba ya sukari ya seli, na kiini chake kinasinyaa. Ikifika juu imeshaacha kabisa kugawanyika. Inafunika, inalinda, kisha inabanduka na nafasi yake inashikwa na nyingine. Kukomaa kwa seli ni huko: inaacha kuzaa, inashika kazi.

Penye displasia, seli zinapanda bila kukomaa. Viini vinabaki vikubwa, vimekolea rangi, kila kimoja na umbo lake. Mpangilio wa tabaka unapotea. Mtu wa hadubini anakuta seli zikigawanyika huko juu, mahali ambapo hakuna seli iliyopaswa kugawanyika tena. Zikiwa zimejaa theluthi ya chini tu, hilo ni daraja la kwanza. Zikifika theluthi mbili, la pili. Zikipita hapo, au zikijaza unene wote kutoka chini hadi juu, la tatu.

Mama mdogo alikuwa hapo.

Lakini zote bado ziko juu ya ule utando mwembamba. Huko juu hakuna mshipa wa damu wa kuzichukua na kuzipeleka kwenye ini au mapafu. Zikiondolewa zikiwa pale, zimeondoka. Zikiutoboa utando na kuingia kwenye nyama, hapo ndipo madaktari wanaita saratani, na kuanzia hapo matibabu yanakuwa mengine na maisha ya mtu yanakuwa mengine. Kwa hiyo yale maneno kwamba hapakuonekana uvamizi ndiyo yaliyokuwa habari kubwa kuliko zote kwenye karatasi ile. Alikaa nayo tangu asubuhi hadi usiku, na hakuna aliyemwonyesha.

## Berlin, 1890

Nilitaka kujua nani wa kwanza aliona kwamba ugonjwa unaweza kuwa seli iliyoacha kukomaa. Nikajikuta Berlin.

Rudolf Virchow, katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1858, alifundisha kwamba kila seli hutokana na seli nyingine. Uvimbe, kwa maana hiyo, ni uzao wa mwili wenyewe. Msaidizi wake mmoja, David von Hansemann, alikaa na saratani chini ya hadubini na kuona seli zikigawanyika isivyo sawa, upande mmoja ukiondoka na kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba, nyingi kuliko mwingine. Mwaka 1890 aliipa hali aliyoiona jina la anaplasia, akieleza mambo mawili yanayokwenda pamoja. Seli inapoteza ustadi wake, ile kazi maalumu iliyokuwa inaitambulisha. Na papo hapo inapata uwezo wa kuishi kivyake, bila kuwategemea majirani.

Mimi hilo "papo hapo" ndilo lililonishika. Tumezoea kwamba kinachozorota kinadhoofika. Hansemann anasema seli inazorota kama seli ya mwili, na kwa kuzorota huko huko inapata nguvu ambayo haikuwa nayo.

Anaplasia iko mwisho wa njia. Displasia ni vituo vya katikati, na huko watu wanaweza kugeuzwa.

Tena si kila kubadilika ni ubaya. Msichana anapobalehe, seli ndefu na laini zinazoota ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi zinasogea nje, zinakutana na ukali wa tindikali ya uke, na taratibu nafasi yake inachukuliwa na seli bapa na ngumu zaidi. Hiyo wataalamu wanaiita metaplasia, na kila mwanamke anayesoma hapa ameipitia bila kuumwa chochote. Shida ni kwamba eneo hilo la mabadiliko, lenye seli changa ambazo hazijakaza, ndilo kirusi kinacholeta displasia hulipenda kuliko sehemu nyingine yoyote.

## Kirusi kinachotaka seli isipumzike

Kirusi cha HPV hakina vifaa vyake vya kunakili vinasaba. Kinatumia vya seli, na seli huwa na vifaa hivyo pale tu inapojiandaa kugawanyika. Sasa tazama shida yake. Kinaingia kwa chini, kwenye mchubuko mdogo usioonekana, lakini kinataka kuzaliana huko juu, ambako seli zimeshazima kila kitu zikisubiri kubanduka.

Kwa hiyo kinatengeneza protini mbili, E6 na E7.

E7 inaishambulia protini ya seli iitwayo Rb, ambayo kazi yake ni kuizuia seli isianze kugawanyika ovyo. E6 inaiharibu nyingine, p53, ambayo huisimamisha seli yenye hitilafu au kuiamuru ijiue. Vizuizi vyote viwili vikiondoka, seli inapanda ikiwa bado inajiandaa kuzaa, na kila inapogawanyika makosa yanarundikana kwenye vinasaba vyake. Kinachoonekana kwenye hadubini, vile viini vikubwa vyeusi vilivyojaa hadi juu, ni alama za kirusi kinachoilazimisha seli isikomae.

Nilipofika hapo nikahisi nimepata jibu la mama mdogo. Zimebadilika zikawa nini? Zimekuwa changa. Zimebaki changa.

Harald zur Hausen na wenzake, huko Ujerumani, walizitenga aina ya 16 na ya 18 za kirusi hicho mwaka 1983 na 1984, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobeli. Aina hizo mbili peke yake zinasababisha takriban 70% ya saratani zote za mlango wa kizazi.

Na bado walio wengi mwili unakifukuza. Maambukizi tisa kati ya kumi hivi yanaisha yenyewe ndani ya miaka miwili. Yanayong'ang'ania ndiyo yanayoleta displasia, na hata hapo mwendo ni wa polepole: kwa mwanamke mwenye kinga imara huchukua miaka 15 hadi 20 mpaka saratani itokee. Kwa anayeishi na VVU bila kutumia dawa za kufubaza, miaka 5 hadi 10. Wanawake wanaoishi na VVU wana hatari mara sita zaidi ya wengine, ndiyo maana wao wanashauriwa kuanza kupimwa wakiwa na miaka 25 badala ya 30.

Miaka 15. Mtoto anazaliwa, anaingia shule, anafika kidato cha tatu. Muda wote huo seli zinaonekana kwa anayezitafuta.

## Baba mdogo

Nilijua swali lake litakuwa lipi, na ndilo alilouliza.

"Kakitoa wapi?"

Tulikuwa tumekaa nje, yeye kwenye kiti chake cha plastiki, mimi kwenye kigoda. Nilianza mbali. Nikaulizia mahindi ya shambani, nikaulizia mguu wake, kisha nikajikaza. Nikamwambia: baba, hiki kirusi karibu kila mtu aliyewahi kulala na mtu amewahi kukutana nacho. Mwanamume anakibeba bila dalili yoyote. Kinaweza kukaa mwilini miaka na miaka kimya. Hakuna kipimo kinachoweza kusema kiliingia mwaka gani, wala kilitoka kwa nani. Mwanamke anaweza kukipata kwa mwanamume mmoja tu aliyewahi kumjua maisha yake yote.

Alinyamaza. Akawa anachora chini kwa ncha ya fimbo.

"Kwa hiyo hata mimi."

"Hata wewe, baba. Hata mimi. Yeyote."

Akauliza kama na yeye aende akapimwe. Nikamwambia kwa wanaume hakuna kipimo cha kawaida kinachopendekezwa. Lile jibu lilimsumbua kuliko yote niliyokuwa nimemwambia, nadhani kwa sababu alitaka kufanya kitu. Kesho yake alimwambia mama mdogo kwamba siku ya hospitali watakwenda wote.

Nawaambia hili kwa sababu najua nyumba ambako mazungumzo hayo yaliishia kwenye sanduku la nguo kuwekwa mlangoni. Mwanamke akihofia swali la "kakitoa wapi" kuliko anavyohofia ugonjwa, hatakwenda kupima, au atapima na kuificha karatasi. Ninyi wanaume mnaosoma hapa, hilo mnaliweza kulimaliza leo.

## Siki

Niende nyuma kidogo. Mama mdogo hakuwa na maumivu yoyote. Alikwenda kituo cha afya kumsindikiza jirani, wakakuta siku ile wanapima wanawake bure, naye akapanda kitanda.

Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Nesi anatia kifaa cha kupanulia ukeni ili mlango wa kizazi uonekane, anachovya pamba kwenye siki iliyopimwa, yaani asidi ya asetiki ya 3% hadi 5%, anaugusisha mlango mzima, anasubiri dakika moja, kisha anamulika taa na kutazama.

Anatafuta weupe.

Tindikali inagandisha protini, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe kwenye kikaango. Seli iliyokomaa, iliyojaa glaikojeni na kiini kidogo, haina protini nyingi za kugandishwa. Mwanga unapita na mlango unabaki wa waridi. Seli changa zilizosongamana, zenye viini vikubwa, zinagoma kupitisha mwanga. Pale panakuwa peupe, penye kingo zinazoonekana wazi, na baada ya dakika chache weupe unafifia. Kwa hiyo nesi mwenye pamba, siki na tochi, kwenye kituo kisicho na maabara yoyote, anayaona kwa macho yale yale ambayo Hansemann alihitaji hadubini kuyaona. Anauona ukosefu wa kukomaa.

Kila nikilifikiria jambo hili naona ni moja ya mambo mazuri kabisa ambayo tiba imewahi kutengeneza.

Doa likiwa dogo na linaonekana lote, mara nyingi linatibiwa siku ile ile kwa tiba mgando: ncha ya chuma iliyopozwa kwa gesi inabandikwa pale dakika tatu, inaachwa dakika tano, inabandikwa tena tatu. Siku hizi kipo pia kifaa kinachounguza kwa joto la zaidi ya nyuzi 100 kwa sekunde chache, ambacho hakihitaji mtungi wa gesi. La mama mdogo lilikuwa limeingia ndani ya mfereji, mwisho wake hauonekani. Doa la namna hiyo haligandishwi. Likakatwa kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa hospitali kubwa, na kusubiri kukaanza.

## Saba kati ya kumi

Ile Jumatatu daktari alimweleza vizuri, akampangia tarehe ya kukatwa sehemu yenye ugonjwa. Mama mdogo akarudi nyumbani ametulia. Utulivu ule haukumaliza wiki.

Mtu mmoja kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, ambaye binti yake anasomea mambo ya afya, alikuwa amemwambia kwamba wengi wenye daraja la tatu hawapati kansa kabisa. Akanipigia simu usiku.

"Ni kweli?"

Ni kweli. Nikamwambia kwamba zikiachwa bila kutibiwa, katika wanawake kumi, kama watatu hivi wanapata saratani ndani ya miaka 30.

"Kwa hiyo saba hawaumwi."

"Ndiyo, mama."

"Sasa kwa nini nikatwe mimi? Mimi nina miaka arobaini na tatu. Nikiongeza thelathini ni sabini na tatu. Na huenda nimo kwenye wale saba."

Sikuwa na la kumjibu kwa haraka, kwa sababu hoja yake ilikuwa nzito kweli. Hakuna hadubini inayoweza kuziangalia seli za daraja la tatu za wanawake kumi na kusema hawa watatu, hawa saba. Zinafanana. Kinachowatenganisha kitatokea baadaye. Nilijiuliza kama nina haki ya kumsukuma mtu mzima aende akakatwe kwa jambo ambalo huenda lisingemdhuru maisha yake yote.

Kisha nikajiuliza jambo jingine. Hiyo tatu kati ya kumi imejulikanaje? Nani aliwaacha wanawake wenye daraja la tatu bila kuwatibu miaka 30 ili ahesabu?

## Auckland

Mwaka 1966, katika hospitali ya National Women's mjini Auckland, daktari Herbert Green alikubaliwa na wakubwa wa hospitali awafuatilie baadhi ya wanawake wenye daraja la tatu bila kuwapa tiba kamili. Hakuamini kwamba seli hizo hugeuka saratani. Aliona wanawake wanatolewa vizazi pasipo sababu, na alitaka kulionyesha hilo. Wanawake wakawa wanaitwa kliniki mwaka hadi mwaka. Wanapimwa, wanatolewa vinyama, wanarudishwa nyumbani, wanaitwa tena. Hawakuambiwa kwamba wamo kwenye utafiti.

Walikuwapo walioona, humo humo ndani. William McIndoe, aliyekuwa akiwachunguza wanawake hao kwa kolposkopu, kifaa cha kuukuza mlango wa kizazi uonekane vizuri, na Jock McLean, mwanapatholojia aliyekuwa akisoma vinyama vyao, walipinga miaka ya sabini na hawakusikilizwa. Mwaka 1984, pamoja na wenzao wawili, walizichapisha takwimu. Mwaka 1987 waandishi wawili, Sandra Coney na Phillida Bunkle, waliyaweka hadharani kwenye jarida la Metro. Nchi ikashtuka. Tume ikaundwa chini ya jaji Silvia Cartwright, na ripoti yake ya 1988 ndiyo iliyozaa mpango wa taifa wa uchunguzi na, mwaka 1996, kanuni za haki za mgonjwa nchini humo.

Baadaye watafiti waliyafungua tena majalada yale, na mwaka 2008 wakatoa hesabu. Wanawake 143 walikuwa wamekatwa kipande kidogo cha nyama cha kupima tu, bila tiba. Katika miaka 30, 31.3% ya kundi hilo walipata saratani. Kwa wale ambao mabadiliko yalionekana kuendelea kuwapo ndani ya miaka miwili ya mwanzo, ilikuwa 50.3%.

Huo ndio usiku ambao sikulala.

Kila daktari duniani anayemwambia mgonjwa "tatu kati ya kumi" anatumia hesabu iliyotolewa kwenye miili ya wanawake ambao hawakuulizwa. Nilikuwa nimeitamka kwenye simu kana kwamba imeokotwa njiani.

Nimekuwa nikimfikiria pia Andromachi Papanicolaou, mke wa yule daktari Mgiriki aliyekwenda Marekani mwaka 1913 na kuanzisha kipimo cha Pap, cha kutazama seli za mlango wa kizazi, kinachobeba jina lake. Kwa miaka mingi alikuwa akipanda kitanda mwenyewe, akitoa seli zake ili mumewe ajue zilizo nzima zinavyofanana. Yeye alijua anachokitoa na kwa nini. Kati yake na wanawake wa Auckland kuna umbali ambao hadubini haipimi.

Nilimsimulia mama mdogo yote, jikoni kwake, akiwa anachambua mchele. Nilidhani atakasirika kwa niaba yao, na alikasirika kweli; aliuliza mara mbili, "Hawakuambiwa?" Halafu akauliza swali ambalo mimi, pamoja na kusoma kwangu kote, nilikuwa nimelipita haraka.

"Na wale waliotibiwa? Wao walikuwaje?"

Waliotibiwa ipasavyo, hospitali ile ile, miaka ile ile, walikuwa 593. Waliopata saratani ndani ya miaka 30 ni 0.7%. Haifiki hata mmoja katika mia.

Akaweka ungo chini.

"Basi hakuna cha saba wala cha nane," akasema. "Nitakwenda."

## Siku yenyewe

Ilichukua muda mfupi. Sindano ya ganzi, kisha waya mwembamba wenye umbo la kitanzi, unaopitishwa umeme, unakata kipande kama cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, na umeme huo huo unasaidia kuzuia damu. Baba mdogo alisubiri kwenye benchi la nje akiwa ameshika mkoba wa mama mdogo mapajani, na hakuna aliyemcheka.

Majibu ya kipande kile yalirudi: daraja la tatu, kingo safi, hakuna uvamizi. Safari hii daktari aliyasoma nasi, kidole kwenye mstari, akaeleza kingo safi maana yake pale alipokata palikuwa na seli nzima pande zote. Baada ya miezi 12 atapimwa tena, kwa sababu kirusi kinaweza kuwa kimebaki na doa likarudi.

Kwa makadirio ya mwaka 2020, zaidi ya wanawake 10,000 walipata saratani hii Tanzania kwa mwaka mmoja, na zaidi ya 6,000 walifariki kwayo. Hakuna saratani nyingine inayowaua wanawake wetu wengi hivyo. Nimekuwa nikizifikiria namba hizo tangu niijue ile miaka 15. Wengi wao walitembea na displasia isiyouma mwongo mzima na zaidi, wakipita mbele ya vituo vya afya vyenye siki.

Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, ana miaka 12. Alichanjwa shuleni. Chanjo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uvumi kwamba inafunga uzazi ulifika hadi kwenye kwaya, na aliyesimama kuujibu ni mama mdogo. Aliwaeleza kuhusu kirusi, kuhusu seli zinazokataa kukomaa, na alipoulizwa yeye amejuaje akasema, "Nilikuwa nazo."

## Mama mkubwa

Kabaki mama mkubwa, dada yao wa kwanza, aliyepita miaka sitini na hajawahi kupimwa hata siku moja. Anasema ameshamaliza mambo hayo zamani, kizazi kimelala, kansa itafuata nini.

Kwa umri wake, siki kweli haimfai sana. Mwanamke akikoma hedhi, lile eneo la mabadiliko hurudi ndani ya mfereji ambako nesi hawezi kuliona, na anayeambiwa hana doa anaweza kuwa nalo. Lakini seli zenyewe hazijali kama hedhi imekoma. Kinachomfaa ni kipimo cha HPV, kinachotafuta vinasaba vya kirusi, na ambacho Shirika la Afya Duniani limekipa kipaumbele tangu 2021. Sampuli yake mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, nyuma ya pazia, bila mtu kumwangalia. Hilo la kutoangaliwa ndilo lililomfanya aache kwa mara ya kwanza kunikatiza.

Si kila hospitali inacho. Siku nitakayomsindikiza mama mdogo kwenye kipimo chake cha mwaka, nitauliza dirishani kama wanacho na kwa shilingi ngapi. Mama mkubwa amesema nikishajua bei nimpigie, na kwamba hajakubali bado.